Jina la Kiwelisi kwa Binti Yako

Wazazi wengi kutoka kwetu wanaolea watoto Welisi (Wales) huyaogopa majina ya huko kwa sababu ya herufi zake. Wakiona Ffion, Heledd au Angharad, wanayaweka kando na kuchukua jina la Kiingereza. Hofu hiyo haina msingi. Aliyekua na Kiswahili kinywani ana safari fupi kuliko Mwingereza kuyafikia majina haya.

Kwanza mkazo. Kiwelisi huuweka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile kama sisi: Eleri ni e-LE-ri, kama ha-BA-ri. C ni k siku zote, kwa hiyo Cerys ni Keris. F moja ni v, ff ndiyo f yetu: Efa ni Eva, Ffion ni Fion. Dd ni dh ya dhahabu, basi Heledd ni Heledh. Herufi si zikifuatwa na vokali huwa sh: Siân ni Shaan, Sioned ni Shoned. Na ng ya Angharad ni ile ya ng'ombe: ang'-HA-rad. Sauti itakayokutoa jasho ni ll. Weka ulimi kama unayetaka kusema l, kisha puliza hewa pembeni mwake bila kutia sauti. Jizoeze, inawezekana. Lakini kama bibi wa mtoto yuko Tanga na atamwita mjukuu kwa simu kila Jumapili, mimi ningeyaacha majina ya Llinos na Lleucu, hata yakiwa mazuri namna gani. Mtoto anastahili jina ambalo kila anayempenda anaweza kulitamka.

Yapo majina yanayokaa vizuri pande zote mbili bila kulazimishwa. Seren ni nyota, na sisi tuna akina Nyota tangu zamani. Carys na Cerys yanatokana na kitenzi cha kupenda, kwa hiyo ni ndugu wa Pendo. Nia limeingia Welisi kutoka Niamh la Kiayalandi, wala Mswahili hahitaji kuelezwa uzuri wake. Mali kwa Wawelisi ni jina la upole, la jamii ya Mari na Molly, na wengi huvutiwa nalo kwa kuwa kwetu ni utajiri. Hapo ningesita. Msichana kuitwa Mali mbele ya wazee wanaozungumzia mahari ni mzigo ambao hakuuomba. Cadi, kifupi cha Catrin, hutamkwa Kadi. Likizo ya Mombasa itamletea utani, ingawa utani huo haudhuru.

Maana nayo ichunguzwe, maana majina mengi yamebeba kitu usichokiona. Kipande gwen, au wen mwishoni, humaanisha nyeupe, na pia safi au iliyobarikiwa. Wawelisi wenyewe husikia baraka. Je, wewe unataka binti yako Mwafrika aeleze hilo maisha yake yote? Wako wazazi wanaoshika upande wa baraka na kutulia, wako wasiotulia, na wote wana haki. Liamueni ninyi wawili kabla mtoto hajafika. Branwen ni kunguru mwenye baraka, na Mpwani anajua kunguru ana heshima gani kwake. Eira ni theluji. Rhiannon ni mwanamke wa hadithi za kale, na wataalamu hulihusisha jina lake na mungu wa kike wa enzi za kabla ya Ukristo. Familia yenye msimamo wa dini ingependa kujua mapema. Familia kama hiyo ina Mair, ambalo ndilo Mariamu katika Biblia ya Kiwelisi, ina Efa ambaye ni Hawa, na ina Hanna. Yote yanaweza kutajwa kwenye ubatizo au akika bila mtu kuuliza swali.

Usiamini orodha za mtandaoni zilizotungwa na wasiosema lugha. Utakuta Bronwyn limeandikwa kuwa la kike. Kwa Kiwelisi wyn ni ya kiume na wen ni ya kike, kwa hiyo andika Bronwen. Mwulize mkunga, jirani au mwalimu wa chekechea anayezungumza Kiwelisi akusomee jina kwa sauti. Watakusaidia kwa furaha.

Mimi ningependa wengi zaidi walifikirie Awen. Ni ule msukumo unaomshukia mshairi, na sasa wasichana huitwa hivyo. Wawelisi wana tungo zenye kanuni kali za mpangilio wa sauti, ziitwazo cynghanedd, na katika Eisteddfod ya taifa, tamasha lao la mashairi na muziki la kila Agosti, mshindi wa tungo hizo hukalishwa kitini mbele ya umati huku tarumbeta zikipigwa. Aliyelelewa kwenye mizani na vina atajiona yuko nyumbani.

Majina ya nyuma pia hayatawasumbua. Zamani Mwelisi hakuwa na jina la ukoo. Gwenllian ferch Gruffydd, aliyeongoza jeshi dhidi ya Wanormani huko Kidwelly mwaka 1136 na kuuawa, alikuwa Gwenllian binti Gruffydd, sawasawa na Fatuma binti Ali. Mwana wa kiume alikuwa ap au ab, na humo ndimo walimotoka akina Powell (ap Hywel) na Bowen (ab Owen). Siku hizi baadhi ya familia wameurudisha mtindo huo. Kwa hiyo ukimwandika binti jina lake, la baba na la babu, hufanyi kitu kigeni Welisi. Kama desturi yenu ni kumpa jina la bibi yake, liwekeni la pili na liandikwe rasmi, lisiachwe kuwa la nyumbani tu.

Wengine huuliza kama tuna haki ya kuyachukua. Katika karne ya 19 watoto wa Welisi walivishwa shingoni kibao kilichoitwa Welsh Not kwa kosa la kusema lugha yao shuleni, kama wazee wetu wengi walivyovishwa Kenya kwa kusema lugha ya mama. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, asilimia 17.8 ya wakazi wa Welisi wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Watu waliopita huko hufurahi mgeni akilichukua jina lao na kulitamka sawasawa. Wanachokiomba ni hilo la pili.

Kuhusu karatasi: mtoto huandikishwa ndani ya siku 42, na Welisi cheti chaweza kuwa cha lugha mbili ikiwa wewe na msajili mnaelewa Kiwelisi. Mkijuta, jina la kwanza linaweza kubadilishwa kwenye rejesta ndani ya miezi 12. Ukichagua Siân, kumbuka kofia ya juu ya a haiingii kwenye mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine. Ukimwombea pasipoti ya Kenya au Tanzania, nakili tahajia ya cheti herufi kwa herufi, ff mbili zibaki mbili, hata karani akikuambia moja inatosha.