Una mtu ndani? Namna ya kuishi Kupaa kwa Bwana mpaka Ijumaa yake na kuendelea

Nilishawahi kuhesabu watu kwenye ibada ya Kupaa, tulikuwa 17, na wawili kati yetu walikuja mazoezi ya kwaya wakakuta ibada imeanza wakaona noma kutoka. Kanisa hilohilo siku ya Pasaka watu walikaa mpaka nje kwenye maturubai. Najua sababu mojawapo, ni Alhamisi, siku ya kazi, hapa kwetu Tanzania sio sikukuu ya serikali (wenzetu Burundi wanapumzika kabisa), mtu anatoka kazini, foleni, daladala imejaa, akifika anakuta neema ndio inatamkwa. Ila nadhani sababu kubwa ni kwamba wengi hatujui hii siku tuifanyie nini. Krismasi kazaliwa, Ijumaa Kuu kafa, Pasaka kafufuka, sawa, sasa Kupaa kaondoka. Nani anapika pilau kwa sababu mtu kaondoka?

Sasa fungua Luka 24, mistari minne ya mwisho, soma taratibu. Yesu anawaongoza wanafunzi wake mpaka Bethania, anainua mikono anawabariki, na akiwa bado katika kuwabariki ndio anachukuliwa juu, halafu wale watu "wakarudi Yerusalemu wenye furaha kuu". Mimi nimesindikiza ndugu uwanja wa ndege mara kadhaa, mkirudi kwenye gari hamna anayeongea, kila mtu anaangalia dirishani. Hawa wanarudi wanafurahi, na wanarudi mji uleule uliomuua Bwana wao wiki sita nyuma. Kuna kitu walikielewa. Hicho ndio nataka tukitafute, na tukishakipata tuone kinaingiaje kwenye Jumatatu ya mtu wa kawaida.

Anza kwa kuiondoa kichwani ile picha ya Sunday school, ile ya wingu na chini yake miguu miwili inaning'inia. Tumekua nayo, tukidhani Kupaa ni habari ya umbali, Yesu kapanda juu sana kama roketi mpaka haonekani. Kwenye Biblia wingu ni jambo zito kuliko mvua, ni wingu lililofunika hema ya kukutania kwenye Kutoka 40 Musa akashindwa kuingia, ni mawingu ya Danieli 7 ambapo mmoja mfano wa mwanadamu anakuja mpaka kwa Mzee wa Siku, yaani Mungu, na anapewa mamlaka na utukufu na ufalme. Kwa hiyo Matendo 1:9 wingu likimpokea, Myahudi aliyekua akisikia Danieli hawazi anga, anawaza kiti cha enzi. Huyu kaenda kutawazwa. Na "mkono wa kuume" tunaousema kila Jumapili kwenye Imani ya Mitume ni cheo, kama Sulemani alivyomwekea mama yake kiti mkono wake wa kuume kwenye 1 Wafalme 2:19.

(Pembeni kidogo. Mlima wa Mizeituni kuna kijengo cha pembe nane, ndani kuna jiwe wanalosema lina alama ya unyayo wake. Baada ya Salahuddin, yule sultani wa Kiislamu, kuichukua Yerusalemu mwaka 1187 pakageuzwa msikiti, mpaka leo pako chini ya Waislamu, na siku ya Kupaa Wakristo wanaruhusiwa kufanya ibada pale. Watu wanatoka mbali kuja kuinamia lile jiwe. Siwacheki, ningepata nauli na mimi ningeenda, ila wale malaika wawili waliuliza "mbona mmesimama mkitazama mbinguni?" na sisi wengine tunasimama tukitazama chini.)

Haya, sasa kitu chenyewe. Hapa kwetu ukitafuta chochote, hati ya kiwanja, kitanda hospitali, nafasi ya mtoto shule, swali la kwanza utakaloulizwa na jirani ni "una mtu pale?" Ukiwa na mtu ndani unalala usingizi, huna mtu unaamka saa 10 usiku kupanga foleni na faili lako kwapani na bado unaambiwa njoo kesho. Waraka kwa Waebrania, ukiusoma kwa masikio ya Kitanzania, unajibu hilo swali: ndio, tuna mtu ndani. Yesu ameingia ndani ya pazia, pale patakatifu mbele za Mungu, kwa ajili yetu, anaitwa mtangulizi wetu (6:20), na tumaini letu linaitwa nanga, ila nanga hii ya ajabu, watu wa pwani wanajua nanga inashuka chini kwenye mchanga, hii imetupwa juu imeshika kule aliko yeye. Tofauti na mtu wetu wa ofisini huyu hali rushwa, hamuombei shemeji yake peke yake, na hahamishwi kituo.

Basi badilisha unavyoomba, hapo ndio pa kuanzia. Kabla hujaanza orodha yako ya mahitaji (tunayo ndefu, ada, kodi, mtoto anakohoa) tulia nusu dakika useme kwa maneno yako mwenyewe kitu kama "Bwana Yesu, uko mbele za Baba sasa hivi na unanijua, naja kupitia kwako." Basi, usirefushe. Halafu endelea. Mimi nilipoanza hivi nilishangaa sauti yenyewe imeshuka, nikaacha kupiga kelele, maana nilikuwa naomba kama mtu anayegonga geti la nyumba ya tajiri usiku akihofia mbwa. Waebrania (Ebr) 4:16 inasema "tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri", na ujasiri huo sababu yake iko mstari wa nyuma yake, kuhani wetu anaweza "kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu". Anajua njaa, anajua kuchoka, anajua kusalitiwa na mtu mliyekula naye.

Hasa ifanye siku uliyoharibu. Siku umemjibu mwenzio vibaya, au umerudia kile kitu ulichoapa hutarudia, kawaida tunajipa adhabu ya siku mbili tatu bila kuomba mpaka aibu ipoe. Usisubiri ipoe. Siku hiyo ndio unamhitaji mtu wa ndani, siku mambo yamenyooka hata usingemhitaji sana. Ebr 7:25 inasema yu hai sikuzote ili atuombee, na sikuzote hiyo imo mpaka Jumamosi usiku.

Na kutokana na hapohapo kuna jambo sitalizungusha. Ebr 10 inasema makuhani wa zamani walisimama kila siku wakitoa dhabihu zilezile, huyu alitoa moja, akaketi. Mtu anaketi kazi ikiisha. Kwa hiyo ukiambiwa ulipie maji, mafuta, chumvi, au "mbegu" ya kiasi fulani ndio maombi yako yafike, ujue unauziwa mlango ulio wazi. Sadaka toa, tena toa kwa moyo, kanisa haliendeshwi kwa hewa. Ila toa kama mtu aliyeshaingia ndani, sio kama nauli ya kuingilia.

Kingine, Wakolosai 3:1, "yatafuteni yaliyo juu Kristo aliko". Huu mstari umeumizwa sana, watu wanautumia kuhalalisha kutofuatilia mambo ya dunia, mtu ana mkesha Jumatano, mkesha Ijumaa, nyumbani hajulikani kama yupo. Fanya zoezi hili jioni moja, usiishie mstari wa 4, soma moja kwa moja mpaka 4:1 bila kusimama. Utaona "yaliyo juu" yanashuka haraka mno, yanafika kwenye hasira, matusi, uongo, kisha kuvumiliana na kusameheana, kisha mke na mume, kisha baba asimkatishe mtoto tamaa, na yanakwisha kwa wenye wafanyakazi: wapeni yaliyo haki, "mkijua ya kuwa ninyi nanyi mna Bwana mbinguni". Umeona alipotua? Kupaa kumefika mpaka kwenye mshahara wa dada wa kazi.

Na mimi hapo nilikamatwa. Kuna mwezi nilimcheleweshea dada mshahara mpaka tarehe 12, na mwezi huohuo nilikuwa nimepeleka ahadi ya jengo kanisani kamili, jina likasomwa mbele, nikapigiwa makofi. Yeye alikuwa jikoni hata hakudai, aliniuliza tu kwa sauti ya chini kama naweza kumpa elfu 10 amtumie mama yake, yaani anakopa kwenye hela yake mwenyewe. Siku nimesoma Wakolosai kwa mfululizo ndio nikaelewa nilichokuwa nafanya, nilikuwa naye Bwana mbinguni kwenye wimbo tu. Sasa hivi mshahara wake ndio unatoka wa kwanza, kabla ya zaka hata, mchungaji wangu anajua na hajanigombeza.

Ukiwa upande wa pili, wewe ndio unayeonewa, bosi mkali, au mnaelekea uchaguzi na watu wanakutisha kwamba fulani akipita au asipopita basi nchi imekwisha, Waefeso 1:20-22 ikariri kabisa. Kristo ameketishwa juu sana kuliko ufalme wote na mamlaka, na vitu vyote vimetiwa chini ya miguu yake. Hiyo haikufundishi kukaa kimya, mashahidi ndio alichowaita (Matendo 1:8) na shahidi ni mtu anayesema alichokiona hata kama kuna asiyependa. Stefano alisema mpaka wakamuokotea mawe, na angalia alichokiona kwenye Matendo 7:56, Mwana wa Adamu amesimama mkono wa kuume. Sehemu nyingine nyingi tunasoma ameketi, hapo amesimama. Wapo wanaosema kasimama kama wakili, wengine kasimama kumpokea mtu wake, mimi yote nayachukua.

Sasa la mwili, na hapa sitaenda haraka.

Mama yangu miaka yake ya mwisho alikuwa na kisukari, mguu wa kushoto ukawa na kidonda kisichopona, kila jioni nilikuwa namuosha kwenye beseni la bluu, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, namkausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini maana pale pakibaki unyevu panaoza. Ni kazi ya taratibu, harufu ipo, nisidanganye. Siku moja akaniuliza, mwanangu, hivi Yesu alivyopaa aliacha mwili au alienda nao? Nikamwambia alienda nao mama, mwili uleule, Tomaso alishaonyeshwa mpaka makovu. Akanyamaza, akauangalia mguu wake, akasema "basi na huu una kwao". Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, swali la 49, inasema karibu vilevile kwa lugha ya wasomi, kwamba mwili wetu umeshakuwepo mbinguni ndani ya Kristo kama dhamana kwamba yeye aliye kichwa atatuchukua na sisi viungo vyake. Mama hakuwahi kuisikia.

Kwa hiyo ukienda kumuona mgonjwa usiishie kuomba kwa mbali ukiwa umesimama mlangoni. Mshike mkono, mgeuze alale vizuri, muulize kama ameoga. Na msibani acha ile ya kusema "huo ni mwili tu, yeye hayupo hapo", najua tunasema kufariji, ila aliyepaa hakuudharau wake. Sema atafufuliwa. Ni sentensi fupi na wafiwa wanaisikia vizuri zaidi ya unavyodhani.

Sikukuu yenyewe uiweke kwenye simu mapema. Hesabu Pasaka kama siku ya 1, ya 40 ndio Kupaa, lazima itadondokea Alhamisi, kwa mfano 2026 ni tarehe 14 Mei na 2027 ni tarehe 6 Mei, japo sehemu nyingi Wakatoliki wameihamishia Jumapili inayofuata. Kanisani kwenu kama hakuna ibada fanyeni nyumbani, Luka 24:50-53 kisha Matendo 1:1-14, wimbo mmoja, chakula kizuri kidogo, ndio, pilau. Halafu zile siku 10 mpaka Pentekoste usiziache zipite bure. Mitume waliuliza ratiba, wakaambiwa si kazi yenu kujua nyakati wala majira, wakarudi ghorofani wakadumu katika kusali, watu kama 120, pamoja na wanawake na Mariamu mama yake Yesu. Chagua kitu kimoja tu kila siku muombe pamoja kama familia, dakika 10 zinatosha, na katika hizo siku mpatanishe angalau ugomvi mmoja, maana "kwa moyo mmoja" haiji yenyewe. Anayekuletea mahesabu ya mwaka wa kurudi kwa Yesu mkaribishe chai mbadilishe mada.

La mwisho ni dogo, nimelichukua kwa Luka moja kwa moja. Mikono ilikuwa juu inabariki wakati anaondoka, na hatusomi popote kwamba aliishusha. Kwetu asubuhi ilikuwa vurugu, viatu viko wapi, daftari liko wapi, gari la shule linapiga honi, mtoto anatoka amefokewa. Sasa kabla mlango haujafunguliwa naweka mikono juu ya vichwa vyao nasema "Bwana akubariki na kukulinda", sekunde tano, honi ilie tu. Mkubwa anajifanya kaboreka. Mdogo nikisahau anasimama palepale mlangoni na begi mgongoni, haongei, ananiangalia mpaka ninyanyue mikono.