Somo: "Steal" na "rob", au kwa nini hatusemi "I was stolen"

Sentensi hii naikuta kila mara kwenye meseji, barua pepe za ofisini, hata maelezo ya polisi: "I was stolen my phone." Aliyeiandika amefuata Kiswahili, maana kwetu "nimeibiwa simu" ni sentensi safi kabisa. Ila Mwingereza akisoma "I was stolen" anaelewa kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa kama gunia. Tulirekebishe hili lisirudi tena.

Hatua ya 1: Uliza kilichoguswa ni kitu au ni mwenye kitu

"Steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa: simu, fedha, mbuzi. "Rob" hufuatwa na mtu aliyeibiwa au mahali palipoibiwa: abiria, duka, benki. Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwa kunyumbua kitenzi: mwizi anaiba simu, anamwibia mtu. Kwa hiyo:

They stole my phone.
They robbed me.

Mifano miwili ya kihistoria husaidia kukumbuka. Mwaka 1911 picha ya Mona Lisa ilitoweka katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Vincenzo Peruggia aliichukua akaondoka nayo, na ikapatikana Italia mwaka 1913. Picha yenyewe ndiyo iliyokwenda, hivyo: "The Mona Lisa was stolen." Agosti 1963, genge la majambazi lilisimamisha treni ya posta iliyokuwa ikitoka Glasgow kwenda London, likampiga dereva kichwani na kuondoka na zaidi ya pauni milioni 2.5. Treni ilibaki relini, kilichokwenda ni fedha. Ndiyo maana tunasema "The train was robbed." Ukisema "The train was stolen", treni nzima imetoweka.

Hatua ya 2: Funga sentensi kwa kihusishi chake

"Steal" huenda na "from", "rob" huenda na "of".

He stole the money from my aunt.
He robbed my aunt of her money.

Wengi hukwama kwenye kutendwa, kwa hiyo tusiharakishe hapa. "Nimeibiwa simu" ina njia tatu. Ya kwanza, "My phone was stolen", ndiyo rahisi na ndiyo ninayopendekeza kwa anayeanza. Ya pili ni "I was robbed of my phone". Ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiswahili chetu, kwa sababu inaanza na aliyeibiwa: "I had my phone stolen." Ijaribu, maana ukiizoea hutatamani tena kusema "I was stolen".

Hatua ya 3: Pima kama kulikuwa na nguvu

Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 inatenganisha "theft" na "robbery": ili iwe "robbery", mwizi lazima atumie nguvu au amtishe mtu ili aweze kuiba. Mahakama zetu pia zinatenganisha wizi na unyang'anyi, na tofauti si ndogo. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo ukiandika maelezo kwa Kiingereza, simu iliyochomolewa mfukoni ukiwa umesinzia kwenye basi iandikie "stolen". Ukiandika "I was robbed", msomaji atauliza walikuwa wangapi na walishika nini.

Hatua ya 4: Tahajia

Steal, stole, stolen. Rob, robbed, robbed, kwa b mbili. "Robed" ni mtu aliyevaa joho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nyumba yetu ilivunjwa usiku tukiwa msibani. Nisemeje?

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa yote mawili. Sema "Our house was broken into", au "was burgled" kwa Kiingereza cha Uingereza. Mitaani wapo wanaosema "Our house was robbed" na wanaeleweka, lakini kwenye maandishi ya bima au polisi tumia hizo mbili za kwanza.

Swali: Mkuu, mbona nimewasikia watu wa Dublin wakisema "Somebody robbed my bike"? Nao wamekosea?

Jibu: Hawajakosea, ndivyo wanavyozungumza. Ireland na Liverpool utaisikia sana. Ila kwenye mtihani au barua rasmi andika "stole".

Swali: Mashabiki wa mpira wakifungwa hupiga kelele "We were robbed!" Nani kaiba nini?

Jibu: Wanamlaumu refa kwamba amewanyima ushindi. Ni kama sisi tunavyosema "tumeonewa".

Swali: Naweza kutumia "rob" kwa ugonjwa? Nataka kuandika kwamba kisukari kilimpofusha babu.

Jibu: Unaweza, na hapo "steal" haikai vizuri. Andika: "Diabetes robbed my grandfather of his sight." Usiisahau ile "of".