Somo: Namna ya Kushona Kofia ya Gandalf kwa Koti Kuukuu la Sufu

Kofia ninayoifundisha hapa ni ya Gandalf, mchawi msafiri wa Middle-earth, ulimwengu uliobuniwa na J.R.R. Tolkien. Wengi wameizoea ikiwa ya kijivu kwa sababu ya filamu zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2001. Hata hivyo, katika The Hobbit, kitabu kilichochapishwa mwaka 1937, ni kofia ndefu ya buluu iliyochongoka, na mwenyewe amevaa joho la kijivu na skafu ya rangi ya fedha. Maelezo yake hayataji nyota wala mwezi, na kwa sababu hiyo nawasihi wote wanaoandaa mavazi ya jukwaani waache kubandika mapambo yanayong'aa. Huyu ni mzee anayetembea nchi nzima kwa mvua na kwa jua, na kofia yake ni chombo cha safari kabla ya kuwa alama ya cheo. Mikunjo yake inapaswa kutokana na kitambaa chenyewe, na hakuna kitambaa kinachoweza kazi hiyo kuliko sufu.

Hatua ya kwanza ni kutafuta koti. Kwenye mitumba makoti mazito ya baridi hayana wanunuzi wengi, hivyo bei yake huwa nafuu. Chagua refu lenye mgongo mpana usio na mshono katikati, kwa sababu ukingo wa kofia utakatwa hapo. Usiamini lebo peke yake. Chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo na uuchome kwa kiberiti: sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua, moto huzimika wenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, nyuzi hizo ni za plastiki na koti hilo halitafaa.

Hatua ya pili ni kuifanya sufu iwe nene na ishikamane. Ondoa bitana, vifungo na sponji za mabegani, kisha fua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni huku ukikisugua kwa nguvu, halafu kisuuze kwa maji baridi. Magamba madogo yaliyo juu ya kila unyoya wa sufu hunasana kwa joto na msuguano, na kitambaa husinyaa na kuwa kizito. Rudia mpaka usione tena mistari ya ufumaji. Kikaushe kikiwa kimetandazwa, wala usikikate kabla hakijakauka kabisa, kwa kuwa kipimo cha kitambaa kibichi hudanganya.

Hatua ya tatu ni kipimo na ruwaza. Zungusha futi kichwani juu kidogo ya masikio, na kama mchezaji atavaa nywele za bandia, pima juu ya nywele hizo. Tuseme umepata sentimita 58. Ongeza 2 ili kofia isibane, zitakuwa 60. Sasa chukua karatasi kubwa, funga penseli kwenye uzi wa sentimita 45, shikilia ncha ya uzi kwenye kona ya karatasi, na uchore robo ya duara. Upinde huo utakuwa na urefu wa karibu sentimita 71. Laza futi juu yake, pima 60 tu, weka alama, kisha piga mstari ulionyooka kutoka kwenye alama hadi kwenye kona. Kipande hicho ndicho pia ya kofia yako, yaani sehemu ya juu iliyochongoka. Ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande.

Ukingo ni duara lenye tundu. Gawa 60 kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha tundu, yaani takribani sentimita 9.5, kisha ongeza upana wa ukingo, ambao mimi hupenda uwe sentimita 12, na hivyo duara la nje litakuwa na nusu kipenyo cha 21.5. Kitabu hakitupi kipimo. Kinasema tu kwamba nyusi za Gandalf zilitokeza kupita ukingo wa kofia yake, na hiyo ni chuku ya kupendeza ambayo fundi hawezi kuifuata. Kata vipande viwili, ukiacha sentimita 1 ya mshono nje na nyingine ndani ya tundu.

Hatua ya nne ni kushona. Unganisha pia kwanza, fungua mshono wake na uupige pasi juu ya mpini wa mwiko. Kwa ukingo, bandika kwa pasi kitambaa kigumu chenye gundi upande wa ndani wa kipande cha chini, shona vipande viwili kwa nje, vigeuze, kisha piga mistari ya duara ya cherehani kila baada ya sentimita 2. Chanja tundu kwa mkasi mpaka karibu na mstari wa mshono, ibane pia hapo kwa pini nne, mbele, nyuma na pande mbili, ndipo ushone. Malizia ndani kwa utepe wa pamba wa kunyonya jasho.

Hatua ya tano ndiyo inayostahili subira kuliko zote, na ndipo kofia nyingi huharibika. Pia iliyonyooka huanza kuwa nyembamba tangu chini, ilhali kichwa cha mtu ni cha duara juu. Kwa hiyo kofia hukaa utosini badala ya kushuka hadi kwenye paji la uso. Tafuta bakuli au sufuria inayolingana na kichwa, ifunike kwa kofia, pitisha mvuke wa pasi kwenye sentimita 10 za chini, na uvute kitambaa kwa viganja, polepole, ukizunguka. Sufu itatanuka na kushika umbo. Iache hapo usiku kucha.

Ncha nayo ifanyie hivyo hivyo. Lowesha theluthi ya juu kwa mvuke, ikandamize iangukie nyuma, ibonyeze mikunjo miwili au mitatu isiyolingana, ifunge kwa uzi mpaka ikauke. Usijaze kitu ndani.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, na wanafunzi wangu hawatavumilia sufu kwa joto la huku. Je, hakuna njia nyingine?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Tumia jinzi ya buluu iliyokolea ambayo imefuliwa sana. Kwa kuwa jinzi haitanuki kwa mvuke, ongeza sentimita 4 kwenye kipimo cha kichwa badala ya 2, na usitie bitana. Mikunjo ya ncha ishikize kwa mishono michache ya mkono upande wa ndani.

Swali: Koti nililopata ni la kijivu. Nilitie rangi au niliache?

Jibu: Ukiwafuata watu wa filamu, liache. Ukifuata kitabu, sufu hupokea vizuri rangi za unga zinazotiwa siki. Maji yawe ya moto bila kutokota, na kitambaa kipoe humo humo taratibu. Kijivu cha chini kitaifanya buluu ionekane imechakaa, jambo ambalo mimi binafsi nalipenda zaidi kuliko buluu mpya.

Swali: Samahani dada, tunaigiza pia Saruman, yule mchawi mwingine wa Tolkien. Naye nimshonee kofia kama hii?

Jibu: Hapana. Katika The Two Towers, kitabu cha mwaka 1954, Saruman anasemekana kutembea kama mzee aliyejifunika joho hadi kichwani. Mzee asiyejulikana anapotokea usiku kando ya moto, wasafiri wanashindwa kumtambua, na kofia yake pana inakuwa moja ya sababu za mashaka yao kama kweli ni Saruman. Mshonee joho jeupe lenye kifuniko cha kichwa, ili watazamaji wawatofautishe tangu mbali.

Swali: Ukingo wangu umelegea na unamfunika mchezaji macho. Nifumue kila kitu?

Jibu: Usifumue. Achia mshono wa nje kwa sentimita 3 tu, penyeza waya mwembamba usioshika kutu uzunguke ukingo wote, pishanisha ncha zake kwa sentimita 5 na uzifunge kwa utepe ili zisitoboe kitambaa, kisha shona tena. Mbele uinue kidogo kwa mkono, na nyuma uuache ushuke.