Uko Muscat, kikao cha wazazi kiko Ujiji
Mzazi uliye Oman na mtoto wako anasoma Ujiji, Kigoma, usingoje kikao cha wazazi kipite ndipo uulize. Mpigie mwalimu wa darasa wiki moja kabla, umtajie atakayekuwakilisha, awe bibi au shangazi. Huyo atakayekwenda mrekodie maswali yako kwa sauti, ayasikilize akiwa njiani. Mwombe pia apige picha daftari la hisabati, zile kurasa zenye kalamu nyekundu. Mimi hapo ndipo nilipoona mwanangu anakwama kwenye kugawanya. Ripoti iliandika "wastani" tu. Saa nne asubuhi ya Kigoma ni saa tano Muscat, kwa hiyo ukitaka kuwa kwenye simu wakati wa kikao, omba ruhusa kazini mapema. Na jioni hiyohiyo ongea na mtoto mwenyewe, kabla hajalala.