Kutafuta mkopo wa gari Marekani bila kuumiza alama zako

Alama za mkopo ni namba inayowaonyesha wakopeshaji unavyolipa madeni, na huweza kushuka wanapokagua taarifa zako za mikopo. Ukaguzi huo ni wa aina mbili. Ukaguzi mwepesi ni ule wa kujiangalia mwenyewe, wa mwajiri, au wa benki inayokupa makadirio ya riba kabla hujaomba. Huo haugusi alama kabisa, hata urudiwe kila siku. Mzito hufanyika unapoomba mkopo rasmi, na ndio unaoshusha.

Hushusha kidogo. Kwa watu wengi, ukaguzi mzito mmoja huondoa chini ya alama 5 za FICO (mfumo wa alama unaotumiwa na wakopeshaji wengi), ambazo huanzia 300 hadi 850. Hukaa kwenye taarifa miaka 2, ila FICO huuhesabu kwa miezi 12 tu. Mgeni mwenye kadi moja ya mwaka jana huumia zaidi, kwa kuwa taarifa yake haina mengi ya kupimwa.

Hasara kubwa iko kwingine: kukubali riba ya kwanza uliyotajiwa kwa kuogopa kukaguliwa tena. Mkopo wa dola 20,000 wa miezi 60 kwa riba ya 11% badala ya 7% utakugharimu zaidi ya dola 2,300 za ziada. Alama 5 hurudi. Hizo pesa hazirudi.

Kwa hiyo zunguka, lakini kwa mpango. Kwanza chukua taarifa zako za kampuni tatu zinazotunza taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, kwenye annualcreditreport.com, bure, usahihishe makosa. Kisha omba makadirio kwa ukaguzi mwepesi, ukianza na chama cha akiba na mikopo. Chagua wawili au watatu wenye riba nafuu, upeleke maombi rasmi yote ndani ya siku 14. FICO mpya huhesabu maombi ya mikopo ya gari ya siku 45 kama moja, lakini matoleo ya zamani hutoa siku 14 tu, na huwezi kujua mkopeshaji anatumia lipi.

Kama umefunga taarifa zako, yaani umezuia wakopeshaji wapya wasizione, zifungue kwanza, la sivyo ombi litakwama.

Muuza magari akikupa fomu ya mkopo, usiisaini kabla hujaamua kununua. Saini moja yaweza kupelekwa kwa wakopeshaji sita. Ukiwa bado ndani ya siku zako 14, usihangaike.

Kadi za mkopo hazina nafuu hiyo: kila ombi huhesabiwa peke yake. Ile kadi ya dukani yenye punguzo, iache mpaka mkopo wa gari utoke.

Ukikuta ukaguzi mzito usioutambua, muulize mkopeshaji, kisha uupinge kwenye kampuni ya taarifa iliyouonyesha; kwa kawaida ina siku 30 kuchunguza. Ulioidhinisha mwenyewe hauondolewi, kwa hiyo usimlipe anayeahidi kuufuta. Kama kuna dalili ya wizi wa utambulisho, funga taarifa zako kwenye kampuni zote tatu siku hiyohiyo. Tangu 2018 sheria imefanya huduma hiyo kuwa bure.