Kuchagua Chuo Kikuu cha Uhandisi ukiwa Lubumbashi

Mwanafunzi wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyepata diploma ya serikali (cheti cha kumaliza sekondari) na anayetaka kuwa mhandisi asianze kwa kuuliza chuo kipi kina jina kubwa, bali aamue kwanza tawi analolitaka, kwa kuwa chuo hodari katika madini kinaweza kuwa dhaifu katika umeme. Kitivo cha Politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mfano, kiko katika jimbo la shaba na kobalti, na idara zake zinazojulikana ni za uchimbaji wa madini, metalujia (usafishaji na uyeyushaji wa metali), elektromekanika (umeme na mitambo) na kemia ya viwanda. Anayependelea kompyuta na mitandao ataelekezwa mara nyingi ESIS Salama, chuo cha Wasalesiani wa Don Bosco.

Hesabu ya miaka ifanywe mapema. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta na udaktari), lisansi, yaani shahada ya kwanza, huchukua miaka mitatu na krediti 180, yaani vipimo vya kazi ya masomo, na masta miaka miwili na krediti 120. Mzazi aliyesoma zamani, wakati lisansi ilipokuja baada ya miaka mitano, apange fedha za miaka mitano ileile ikiwa mtoto hatakusudia kuishia kwenye lisansi ya sasa. Kwa chuo cha binafsi, omba kuonyeshwa amri ya serikali inayokitambua, na uhakikishe kwamba idara unayoitaka nayo inatambuliwa.

Baada ya hapo, nenda ukaone kwa macho yako siku ya masomo, wala si siku ya kupokea wageni. Katika karakana, tazama kama mashine ya kuchongea chuma ina mafuta na vipande vya chuma vilivyokatwa karibuni, au imefunikwa turubai lenye vumbi. Katika maabara ya ujenzi, uliza vipande vya zege vilivyovunjwa mwisho viko wapi na nani aliandika matokeo yake. Uliza pia kazi za vitendo hufanyikaje umeme ukikatika, maana jibu la swali hili, katika mji wetu, hufichua mengi kuliko kijitabu cha matangazo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili atakuambia bila kusita ni kifaa gani alichokishika mwezi uliopita, na akianza kukueleza silabasi tu, yaani kijitabu cha maelezo ya somo, umeshapata jibu.

Soma ubao wa matangazo. Ratiba itakuonyesha kama walimu wakuu wanakaa mjini au ni maprofesa wageni wanaokuja kumaliza somo zima kwa siku chache. Mgeni si mbaya, na wapo walio bora kuliko wenyeji, lakini idara inayowategemea karibu wote huwaacha wanafunzi bila mtu wa kumwendea wanapokwama kwenye hesabu za mitambo. Matokeo ya mitihani yaliyobandikwa hapo nayo yasomwe kwa makini: darasa ambalo karibu kila mtu anafaulu linanitia shaka kuliko lile ambalo wengi hurudia.

Kuhusu staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, usiridhike na maneno ya kwamba chuo kina uhusiano na makampuni ya migodi. Uliza ni wanafunzi wangapi walipelekwa mwaka jana, walikaa kwa muda gani, na nani alizitafuta nafasi hizo; mara nyingi utaambiwa kwamba kila mmoja alijitafutia kupitia mjomba wake, jambo linalomweka pabaya asiye na mjomba Kolwezi, mji wa migodi.

Minervali, yaani ada ya masomo, iwe sehemu tu ya hesabu ya gharama. Ongeza nauli ya kila siku, hasa kwa anayeishi mbali na Kasapa, iliko kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na chumba, silabasi na kompyuta. Vyuo vikilingana, chagua kile utakachoweza kukilipia hadi mwisho, na kila mwaka chukua orodha ya alama zako yenye mhuri na idadi ya krediti, kwani bila hiyo chuo kingine hakitakupokea kwa urahisi ukihitaji kuhama.