Somo: jinsi ya kutafuta pembe inayokosekana kwenye pembetatu (la sita, la saba na form one)

Haya wadau, leo tumalizane na pembetatu, maana watoto wengi kujumlisha na kutoa wanajua vizuri tu, shida yao ni macho, mtu anakimbilia kukokotoa kabla hajaona mchoro umempa nini.

Cha kushika ni kimoja, pembe tatu za ndani ukizijumlisha unapata nyuzi 180, pembetatu iwe ndogo iwe kubwa. Mtoto akibisha mpe karatasi akate pembetatu yoyote anayotaka, achane zile kona tatu azipange ncha zigusane, ataona zimelala kwenye mstari mnyoofu, na mstari mnyoofu ni 180.

Hatua ya 1, soma alama. Kile kimraba kidogo kwenye kona ni 90 hata kama hakuna namba. Vile vistari vifupi kwenye pande mbili maana yake pande hizo ni sawa, kwahiyo hiyo ni pembetatu pacha na ina pembe mbili zinazolingana. Maksi nyingi zinapotelea hapa jamani.

Hatua ya 2, jumlisha ulizonazo halafu toa kwenye 180. Una 47 na 68? Jumla 115, iliyobaki ni 65. Una kimraba na 34? 90 + 34 = 124, jibu 56.

Hatua ya 3 ni pacha, hapa nenda taratibu. Pembe zilizo sawa ni zile mbili zilizokaa huku na huku kwenye upande USIO na alama. Ukiambiwa pembe iliyo katikati ya pande zenye alama ni 40, basi 180 − 40 = 140, gawa kwa 2, kila moja 70. Ila kama hiyo 40 iko kwenye upande usio na alama, mwenzake nae ni 40 na ile ya tatu inakuwa 100. Namba ileile, majibu tofauti kabisa, ndo maana nasema angalia mchoro.

Zikija herufi usiogope. Pembe ni x, x + 20 na 2x: zote pamoja 4x + 20 = 180, 4x = 160, x = 40.

Pembe ya nje (upande umerefushwa ukatoka nje) ni sawa na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Nje 125, moja ya mbali 60, nyingine 65, basi.

MASWALI

– Ticha, kwanini nisipime tu na kipimapembe?
Kwasababu michoro ya mitihani mara nyingi haijachorwa kwa vipimo halisi, utapima upate 58 wakati jibu ni 65.

– Pembetatu inaweza kuwa na pembe mraba mbili?
Hapana, 90 na 90 tayari 180, ya tatu inabaki sifuri, na ukichora utaona ile mistari miwili inakwenda sambamba haikutani ng'o.

– Kaka yangu yuko chuo anasema kuna pembetatu inazidi 180, ananidanganya?
Hakudanganyi, ila hiyo ni ya kwenye tufe sio kwenye karatasi bapa. Chukua Nanyuki pale ikweta inapopita, fuata ikweta mpaka robo ya mzunguko wa dunia, kata kona uende ncha ya kaskazini, kisha shuka mpaka Nanyuki tena. Kona zote tatu ni 90, jumla 270. Kwenye mtihani wako ni 180 tu.

– Mwanangu lile la x, x + 20 na 2x kaandika 40 mwalimu kamkosesha, mbona x ni 40 kweli?
Mama, soma swali lilimalizikaje. Kama waliuliza pembe kubwa kabisa, 40 arudishe kwenye 2x, jibu ni 80.